Kuadhimisha kijiji kilichoanzisha vita ya Maji Maji: mwongozo kamili kwa kamati za Nandete, Kibata, Somanga, Liwale na jirani zao

Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa ya leo, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela wa Nandete waliingia kwenye shamba la pamba ya kulazimishwa wakang'oa miche. Kwa Wamatumbi huko kulikuwa kutangaza vita. Tarehe 31 Julai wapiganaji walikuwa wameshafika pwani na kuichoma Samanga (Somanga ya leo). Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga kule Mohoro Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa dawa ya maji iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, wakidhani moto utazimika. Haukuzimika. Katika mwezi huohuo boma la Liwale lilianguka, misheni ya Nyangao ikashambuliwa, kisha vita ikasambaa hadi Mahenge na Ungoni.

Vijiji hivyo bado vipo na watu wake wapo. Mwongozo huu ni wa kamati ya kijiji au mji mdogo wa mkoa wa Lindi inayotaka kuadhimisha sehemu yake katika mwanzo huo kwa nguvu zake yenyewe. Unahitaji miezi kumi. Kumbukumbu nyingi huharibika kwa sababu huanzia kwenye saruji: mnara unasimama, mgeni rasmi anakata utepe, kisha ukutani hakuna jina la mtu hata mmoja wa pale. Anzeni na majina, saruji ifuate.

Kamati na kalenda

Watu tisa hadi kumi na mmoja wanatosha. Wakizidi hapo, vikao havikamiliki. Wawemo wazee wawili wa koo zinazohusika, wanawake wasiopungua watatu, mwalimu mmoja, vijana wawili wenye simu nzuri, imamu au padri, na mtendaji wa kijiji kama katibu. Wanawake hawawekwi kwa ajili ya kujaza idadi. Habari za njaa iliyofuata vita, nani alikufa, nani alichimba mizizi gani porini, nani alibaki na watoto wa nani, nyingi zimehifadhiwa na bibi zetu. Kamati ya wanaume watupu hurudi na habari za mapigano tu.

Kalenda ifuate msimu. Mahojiano yafanyike Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijakata barabara za Umatumbi na kabla watu hawajahamia mashambani. Michango ikusanywe mara mbili: korosho zinapouzwa Oktoba hadi Desemba, na ufuta unapouzwa kuanzia Juni. Ukipitisha daftari la michango Februari utaambulia ahadi, kwa kuwa Februari hakuna mwenye fedha. Ujenzi ni Mei na Juni, mvua zikishakatika. Mtazame na Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja, msiangushie mahojiano marefu ya mchana ndani yake.

Siku ya maadhimisho tunashauri iwe Jumamosi ya mwisho ya Julai, isipokuwa ikiangukia tarehe 25. Siku hiyo ni ya Mashujaa kitaifa, na viongozi wa wilaya watakuwa kwenye shughuli za serikali. Mkichelewa mkaingia wiki ya kwanza ya Agosti, mtagongana na Nane Nane ya Ngongo, Lindi. Ijumaa msiitumie.

Majina: kazi ya miezi miwili

Tumieni daftari gumu la kurasa zisizopungua 200, lenye safu saba: jina kamili la marehemu, jina la utani, ukoo, kitongoji, alilofanya au lililompata, aliyesimulia na uhusiano wake, na tarehe ya mahojiano. Safu ya jina la utani ni ya lazima. Mtu mmoja hutajwa na wajukuu wa huku kwa jina la utoto na wa kule kwa jina la vita, akaingia ukutani mara mbili.

Waende watu wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kurekodi. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege ili isiitwe katikati ya masimulizi, iwe karibu sentimeta 30 kutoka mdomoni mwa msemaji, juu ya kitambaa kilichokunjwa na si juu ya meza tupu. Kaeni ndani au upande usio na upepo, maana upepo wa mkorosho husikika kwenye rekodi kuliko sauti ya mzee. Jaribuni nusu dakika, msikilize, ndipo muanze. Dakika 45 kwa kikao zinatosha, akichoka mrudi kesho.

Mwanzo wa mazungumzo uwe wa heshima na usiwe na majibu ndani yake:

"Shikamoo babu. Tumetumwa na kamati ya kijiji. Tunaomba utusimulie habari za wazee wetu wa wakati wa vita ya Maji Maji. Utaturuhusu turekodi sauti yako, watoto waje waisikie?"

Akikubali, kubali kwake kuwe ndani ya rekodi. Kisha: Aliyekusimulia ni nani, na mlikuwa wapi? Wa ukoo wetu waliokuwepo wakati ule ni akina nani? Vita ilipofika, watu walikimbilia wapi? Njaa ilipoingia walikula nini? Makaburi ya waliokufa yako wapi? Nani mwingine anayejua haya? Swali la mwisho ndilo linalofungua mlango wa nyumba inayofuata. Swali baya kuliko yote ni kama "Ni kweli babu yako alikuwa na Kinjikitile?" Mzee mstaarabu hatamkatalia mgeni, atasema ndiyo, na hapo mmeshatengeneza historia ya uongo.

Mzee akiingia Kimatumbi, Kingindo au Kimwera, mwacheni aendelee. Msimkatize kwa kutaka Kiswahili. Tafsiri itafanywa baadaye na mtu wa lugha hiyo, na maneno ya asili yaandikwe jinsi yalivyotamkwa.

Rekodi zihifadhiwe sehemu tatu: kwenye simu, kwenye kadi ya kumbukumbu inayokaa ofisi ya kijiji, na nakala ya tatu nje ya kijiji, kwa mfano shule ya sekondari ya kata. Faili lipewe jina la tarehe, kitongoji na ukoo siku hiyohiyo. Baada ya wiki moja hakuna atakayekumbuka "Sauti 014" ni ya nani.

Jina liingie kwenye orodha ya ukutani likithibitishwa na nyumba mbili ambazo si za tawi moja la ukoo, au na nyumba moja na maandishi. Maandishi yapo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita vijiji vya kusini wakihoji wazee waliokuwa hai wakati wa vita. Huenda babu wa mtu wa kamati yenu alihojiwa. Mwalimu wa historia aandike barua chuoni kupitia halmashauri, ataje kata na vijiji, si "habari za Maji Maji" kwa jumla.

Kuna jambo la kulishika kwa mikono miwili. Si kila babu alipigana upande mmoja. Walikuwepo majumbe na maakida waliosimamia pamba, askari, wapagazi, na watu walioonyesha njia kwa kulazimishwa. Wajukuu wao ni majirani zenu. Habari zao ziandikwe kwenye daftari kama zilivyosimuliwa, lakini pasiwe na ubao wa aibu wala wimbo wa kuwataja. Kamati iliyowahi kuacha mlango huo wazi hupoteza nusu ya kijiji siku moja.

Waliokufa kwa njaa nao wana haki ya ukuta. Majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma mashamba na maghala kwa makusudi, na makadirio ya vifo vya vita nzima ni kati ya watu 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Mkiwaandika wapiganaji peke yao mtakuwa mmeandika sehemu ndogo tu ya msiba.

Eneo na ruhusa

Chagueni mahali palipotendeka jambo, hata kama si kando ya barabara kubwa. Kisha pelekeni hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano huo kuridhia. Muhtasari uonyeshe ukubwa wa eneo (mita 20 kwa 20 linatosha), mipaka minne, na kwamba ni la kijiji, si la kamati. Kama shamba ni la mtu, makubaliano yawe ya maandishi na watoto wake wakubwa wasaini. Ugomvi huletwa na warithi, mara nyingi mwaka wa tano.

Barua ya pili iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa utamaduni, na kupitia kwake kwa Idara ya Mambo ya Kale, kwa sababu mabaki na maeneo ya kihistoria yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Msichimbe kaburi, handaki wala kifusi cha boma kutafuta "ushahidi". Fundi akikuta mfupa, chungu au risasi wakati wa msingi, kazi isimame, pafunikwe kwa turubai, mtendaji aarifiwe. Miti ya tambiko isiguswe. Hata matawi yake yasipunguzwe kwa ajili ya kivuli cha wageni.

Penye mnara wa zamani, msijenge mwingine. Ukwangueni ukungu kwa brashi ya nyuzi za katani na maji matupu (brashi ya chuma huacha vipande vinavyopata kutu na kuchafua ukuta), zibeni nyufa, ongezeni kibao cha majina. Fedha inayobaki iende kwenye rekodi.

Mnara: vipimo na vifaa

Huu ni mnara mdogo ambao fundi mwashi yeyote wa kata anaweza kuujenga, wa sentimeta 60 kwa 60, wenye kimo cha karibu mita 1.85 juu ya ardhi.

Chimbeni shimo la mita 1.5 kwa 1.5, kina sentimeta 60. Mwageni zege jembamba la sentimeta 5 kwa kipimo cha 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto). Juu yake lazeni wavu wa nondo za milimita 12, kila sentimeta 20 pande zote mbili (vipande 14 vya mita 1.4), ulioinuliwa kwa vijiwe vya sentimeta 5. Simamisheni nondo nne za wima za mita 2.7, zikunjwe sentimeta 40 chini na kufungwa kwenye wavu, zikiwa na ringi za milimita 8 za sentimeta 20 kwa 20, kila baada ya sentimeta 20. Mwageni zege la sentimeta 20, kipimo 1:2:4.

Kesho yake anzeni matofali ya inchi 6. Kila kozi, yaani safu moja ya matofali, ina matofali manne yanayozungukana, kichwa cha moja kikigusa ubavu wa jingine. Sentimeta 45 za urefu na 15 za unene zinatoa 60, na katikati linabaki tundu la 30 kwa 30 ambamo nondo zimesimama. Kozi inayofuata izunguke upande wa pili ili viungo visikae juu ya viungo. Kozi tisa zinatosha. Tundu lijazwe zege la 1:2:4 kila baada ya kozi tatu, likishindiliwa kwa kipande cha nondo. Mkisubiri kozi zote tisa ndipo mjaze, zege litakwama juu na katikati kutabaki mapango.

Plasta ya 1:4 (saruji kwa mchanga), kisha sakafu ya zege ya sentimeta 10 kuzunguka mnara, upana sentimeta 60, ikiinamia nje ili maji yasituame.

Vifaa vyote: saruji mifuko 10 ya kilo 50, matofali 40, nondo za milimita 12 tatu na ya milimita 8 moja (kila moja mita 12), waya wa kufungia kilo 1, mchanga mita ya ujazo 1, kokoto mita za ujazo 1.2. Maji ya kuchanganyia yasizidi lita 25 kwa mfuko. Fundi atataka kuongeza ili zege liwe laini kwa koleo, mkatalieni, kwani maji yakizidi zege hukosa nguvu na plasta hupasuka.

Kwa Somanga, Kilwa Kivinje na miji yote ya pwani: mchanga wa ufukweni hautumiki hata kama ni wa bure. Chumvi yake hula nondo, kutu huvimba, na mnara hupasuka kutoka ndani. Chukueni mchanga wa mto. Baada ya kujenga, mwagilieni asubuhi na jioni kwa siku saba na mfunike kwa magunia mabichi. Julai ina upepo mkavu na zege lililoachwa hukauka kabla halijakomaa, ndiyo sababu tunataka kazi iishe Juni.

Kibao kiwe cha graniti, sentimeta 50 kwa 40, unene 2, maandishi yaliyochongwa. Shaba nyeusi na shaba njano hung'olewa usiku na kuuzwa kama chuma chakavu. Rangi peke yake hupauka ndani ya misimu michache. Gundi ya vigae peke yake haitoshi: jua la mchana huipanua na kuipunguza hadi kibao kinaachia, hivyo ongezeni boliti nne zisizoshika kutu kwenye pembe. Herufi za kichwa ziwe na kimo cha sentimeta 2.5, za majina 1.2. Acheni robo ya kibao wazi. Majina mengine yatakuja baada ya uzinduzi, kwa kuwa watu wengi huanza kusema wakishaona.

Maneno yawe mafupi. Kwa Nandete, kwa mfano:

"Hapa Nandete, Julai 1905, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa pamba ya kulazimishwa. Vita ya Maji Maji ikaanza. Tunawakumbuka waliopigana, walionyongwa na waliokufa kwa njaa."

Andikeni "Julai 1905" bila siku. Wazee walihesabu kwa mvua na mavuno, na tarehe iliyochongwa kwenye jiwe huzua mabishano yasiyoisha. Chini yake yaje maneno hayohayo kwa Kimatumbi. Kabla ya kuchonga, nakala isomwe kwa sauti na watu watatu: mwalimu, mzee wa lugha, na mjukuu wa ukoo unaotajwa. Kila mmoja asaini. Kosa la herufi moja kwenye graniti ni kibao kipya.

Liwale waandike habari ya boma lao na Kibata ya akida wao, wasinakili maneno ya Nandete. Kilwa Kivinje wana habari ya mapema zaidi, ya Hassan bin Omari Makunganya aliyenyongwa mwaka 1895 kwenye mti uitwao Mwembe Kinyonga, na hiyo inastahili siku yake.

Siku yenyewe

Taarifa ya maandishi ifike kwa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla ya mkusanyiko. Sisi tunashauri wiki mbili, mrudishiwe nakala iliyogongwa muhuri.

Saa 12 asubuhi wazee wafanye tambiko lao, kwa unga wa mtama na kwa namna ya koo zao, bila kamera wala wageni. Saa 1:30 dua ya hitima na sala ya Wakristo, mahali pamoja, moja ikifuata nyingine. Saa 2:30 matembezi ya kimya kutoka shuleni hadi eneo. Saa 3:30 kitendo cha kung'oa. Saa 4 majina. Saa 4:30 hotuba, na ziishe saa 6 ili watu waswali adhuhuri. Saa 7 chakula, kisha ngoma hadi jioni.

Kitendo cha kung'oa ndicho moyo wa siku, na hapa kamati nyingi huteleza. Msipande pamba ya kweli. Mikoa ya kusini imewekewa karantini ya pamba ili kuzuia funza mwekundu wa vitumba asisambae, na miche yenu mizuri itawaletea afisa kilimo. Tengenezeni miche kwa vijiti vya mkorosho na pamba ya dukani, ichomekwe kwenye udongo uliolainishwa. Wang'oe wajukuu wa koo za wahusika, si viongozi. Wakimaliza pawe kimya cha dakika moja, bila muziki wala mshereheshaji kupaza sauti.

Maji nayo yana heshima yake. Ile dawa ilikuwa maji yenye mtama na mafuta ya mbarika, nayo ndiyo iliyowaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wangoni na wengine ambao hawakuwahi kupigana pamoja. Msiigize kunyunyizia watu, na mshereheshaji asiwachekeshe wageni kwa kuuliza kama risasi ziligeuka maji. Waliokwenda mbele ya bunduki wanalala hapo mlipokaa.

Majina yasomwe na watoto wa shule, kila jina kwa sekunde tano. Majina 60 ni dakika tano tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyakata ili kupisha hotuba. Yaanze saa 4 kamili, mgeni rasmi awe amefika au hajafika. Mwandikieni hivyo kwenye barua ya mwaliko, kwa adabu, na atawahi. Hotuba ziwe nne, dakika kumi kila moja. Dakika hamsini zinazobaki ni za kuchelewa.

Kwa watu 300 pikeni mchele kilo 45 na mbaazi kavu kilo 18 zilizolowekwa usiku kucha. Maji ya kunywa lita 450 kwenye matangi yenye bomba, si ndoo ya kuchotea. Vivuli vya turubai viwe kwanza kwa wazee, ndipo meza kuu. Jenereta liwekwe mita 30 nyuma ya spika, likiwa na lita 10 za akiba.

Baada ya siku hiyo

Ndani ya wiki mbili kamati isome hesabu mbele ya mkutano wa kijiji, risiti zikiwa mezani. Tengeni sehemu ya kumi ya michango kwa matunzo: kila Oktoba kufyeka majani mita tano kuzunguka mnara (moto wa kuandaa mashamba hupasua graniti), kuangalia boliti, kuziba nyufa kabla ya mvua.

Familia zitakuja na swali la mabaki ya ndugu zao yaliyopelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha akiwa Songea, penye makumbusho ya Maji Maji, na tangu hapo swali hilo linaulizwa kwa sauti zaidi. Msitoe ahadi. Fungueni ukurasa wake kwenye daftari: jina, ukoo, mahali alipouawa, nani alisimulia. Nakala ipelekwe kwa afisa utamaduni kwa barua, na familia ipewe nakala yake. Mwalimu naye achukue orodha ya ukutani akaifundishe darasani wiki inayofuata, kila mtoto akaulize nyumbani jina moja linalokosekana. Majibu yao yarudi kwenye daftari, safu zilezile saba.